Rota Mfukoni, Gari Bondeni

Vijana wa gereji, tangu nilipokabidhi funguo mwezi uliopita mmenishika shati mkitaka niandike. Haya, nimeandika. Mkono wangu umezoea spana kuliko kalamu, na shule niliiacha darasa la tatu, kwa hiyo atakayeona kosa alisahihishe kimoyomoyo. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini hamtakuta humu. Hayo hayawashi gari. Nitasema nilivyoanza, aliyenifundisha, na safari moja ya bonde la mapango ambako kidogo tu nimpotezee huyo aliyenifundisha kila alichokuwa nacho.

Nilifika Jinja kutoka upande wa Bungoma nikiwa na mashati mawili na kiburi cha watu kumi. Nikapata pa kulala Mafubira kwa jamaa wauza viazi, na kesho yake asubuhi nikaenda gereji ya Mzee Farajala. Huyu alikuwa Mnubi. Babu yake alikuja na jeshi la zamani kutoka Sudan, na nyumbani kwake Kiswahili kilikuwa kama uji, watoto wanakinywa bila kufundishwa. Wengi wetu pale tulikuwa nacho cha kuazima tu.

Akaniuliza, "Unajua nini?"

Nikasema, "Najua kila kitu."

Akanisogezea karai la mafuta ya taa na ndoo ya nati zilizoshikana na matope. "Vizuri. Osha kila kitu."

Niliosha nati miezi miwili. Mwezi wa tatu akaanza kunifumba macho kwa kitambaa na kunitia nati mkononi, nimwambie ni ya namba ngapi na imetoka wapi kwenye gari. Nikikosea, narudi kwenye karai. Nyinyi leo mnaangalia picha kwenye simu. Sawa, lakini siku nati itakapoanguka chini ya injini kwenye mvua, simu haitaingiza vidole vyake huko.

Alinifundisha pia kusikiliza. Unaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, unafunga mdomo. Gari la kwanza nililosikiliza nilisema bearingi imekufa. Mzee akasikiliza, akasema, "Hiyo ni njaa yako, tumbo linanguruma. Nenda ukale, urudi usikilize tena." Nikala mihogo, nikarudi. Bearingi ilikuwa nzima kabisa.

Ile ilikuwa miaka ya utawala wa jeshi. Hamkuwepo, na sitawachosha. Kwa sisi watu wa magari ilikuwa hivi: vipuri hakuna, na gari zima likionekana barabarani, mwenye bunduki anaweza kulitamani. Akishalitamani, limekwenda. Unaweza kukuta gari lako wiki ya pili linapita mjini, wewe uko kwa miguu, na inakubidi ulipishe njia.

Kwa hiyo kila dereva wa Farajala alikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote. Unajua ile kofia nyeusi ya distributa inayogawa moto kwa plagi. Ndani yake kuna rota, kidude kidogo kama kidole gumba, kinazunguka. Kikitoka hicho, injini inazunguka mpaka betri inakufa na haiwaki. Mzee alisema, "Ukishuka, rota inashuka na wewe. Ukienda chooni, inakwenda chooni. Gari bila rota ni kibanda cha kuku, hakuna askari atakayeiba kibanda cha kuku." Nilitembea na rota mfukoni miaka hiyo yote kama watu wengine wanavyotembea na tasbihi.

Mzee alikuwa na Landrova moja ya kukodisha. Aliijenga mwenyewe kwa mizoga mitatu: fremu ya huku, injini ya kule, boneti aliyoitoa kwenye mto. Akaipaka rangi ya kijani, akaipiga msasa, akaipaka tena mpaka ukijitazama ubavuni unaweza kunyoa ndevu. Wake zake wawili na watoto wote walikula kutoka kwenye gari lile. Hakumpa mtu kuliendesha mbali. Mimi aliniacha nilizungushe uani, basi.

Ndipo akaja Mwalimu Nabirye. Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, Msoga, mnene wa heshima, mwenye mwavuli mweusi ambao hakuuacha hata ndani ya nyumba. Alifundisha jiografia chuo cha walimu. Alisema miaka ishirini anawafundisha watu habari za mapango ya mlima wa Masaba na mawe yake, na yeye mwenyewe hajawahi kuyaona. Kiswahili alikisema kwa tahadhari, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, maana kwa watu wengi kilikuwa lugha ya kuulizwa kitambulisho na askari.

"Ssebo, bwana," akamwambia Mzee, "nataka gari la kunipandisha na kunirudisha. Zaidi kunirudisha."

Mgongo wa Mzee ulikuwa umeshikwa wiki ile, hawezi hata kufunga kamba ya kiatu. Akanitazama muda mrefu kama mtu anayechagua nazi. Kisha akaniambia neno ambalo nililibeba safari nzima: "Wafula, ukirudi bila gari, usirudi kunieleza."

Tukalala Mbale, yeye kwa mwalimu mwenzake, mimi kwa binamu yangu wa mtaa wa Namatala anayepakia mizigo sokoni. Asubuhi na mapema tukapita Nakaloke, Mwalimu akanunua ndizi mbivu mkungu mzima, akasema jiografia inaleta njaa. Halafu tukaanza kuukabili mlima.

Katikati ya mpando injini ikakohoa na kufa. Mwalimu akafungua mwavuli akiwa bado ndani. Mimi nilijua ni pampu ya petroli. Kiwambo chake cha ndani tulikuwa tumekikata kwenye koti la mvua, maana cha dukani hakikuwepo, na kikipata joto sana kinalegea. Dawa yake: kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu, subiri dakika kumi, halafu kile kimkono cha chini unakipampu kwa kidole mpaka petroli irudi. Nikafanya, likawaka. Mwalimu akasema, "Kumbe gari nalo linapata homa." Nikampenda mteja yule tangu hapo.

Sasa bonde lenyewe. Mimi si mtu wa kusifia mandhari, nimeendesha Jinja mpaka Mbale mara ambazo sizihesabu na macho yangu yako kwenye mashimo ya lami. Lakini pale nilizima gari bila kuambiwa. Mawe yalisimama bondeni kama watu waliosahau walichokuja kufanya. Moja refu jembamba lilikuwa limebeba jiwe kubwa kama lori juu ya kichwa, hakuna saruji, hakuna boliti, limekaa tu. Nililizunguka mara mbili kutafuta lilikofungiwa. Mengine yalikatika ngazi ngazi kama mapezi ya rejeta. Juu kwenye genge kulikuwa na vinywa vya mapango vitano au sita vimejipanga, na vinywa viwili vilikuwa vinatoa moshi. Moshi wa kupikia. Watu walikuwa nyumbani.

Nikatoa rota, nikaitia mfukoni, tukapanda kwa miguu. Mwalimu alipumzika kila baada ya hatua ishirini na kuniambia jina la jiwe. Mimi nilimwambia linafanana na kipuri gani. Tukaelewana vizuri.

Kwenye pango la kwanza alikaa mama mzee aliyeitwa Nambozo. Kila mtu bondeni alimwita Kukhu, yaani bibi. Mimi ni Mbukusu, na lugha yetu na ya Wamasaba ni mtu na ndugu yake, kwa hiyo tulisikilizana bila shida. Nikapiga hodi, nikataka kuingia. Akaweka fimbo mbele yangu.

"Weka kitu," akasema, akionyesha jiwe bapa lililo mdomoni mwa pango.

"Kitu gani, Kukhu?"

"Kitu ambacho huwezi kuondoka bila hicho. Nyumba zenu zina milango na kufuli. Hii haina. Inafungwa na kitu chako. Utakipata ukishakula."

"Nisipokula?"

"Basi ulikuja kutafuta nini? Mtu aliyekula kwangu haibi mbuzi wangu. Ambaye hajala simjui."

Ndivyo baba mkwe wake alivyoiweka desturi hiyo, na yeye akaiendeleza. Mwalimu akauweka mwavuli wake kama anamweka mtoto. Mimi nikapekua mifuko. Nilikuwa na njugu, leso, ufunguo na rota. Nikaweka njugu. Akala moja, akasema hazitoshi. Nikaweka leso, akacheka, akanirudishia vyote. Hapo kiburi kikanipanda. Nikaona haya kumwekea mama mtu mzima vitu vya kitoto, nikaiweka rota. Akaigeuza, akainusa, akaona jinsi ninavyoitazama.

"Hii sasa ndiyo kitu," akasema, akaitumbukiza ndani ya kibuyu chenye mfuniko.

Ndiyo, najua. Sheria moja tu niliyopewa, nami nimeivunja kwa kuona haya mbele ya bibi wa watu. Endeleeni kusoma.

Ndani kulikuwa kukubwa kuliko gereji yetu. Kushoto zizi la mbuzi, kulia vitanda vya fito, katikati moto, na dari jeusi la masizi ya babu na babu. Ukuta wa nyuma ulikuwa umechimbwa vishimo vishimo, maana jiwe lile lina chumvi. Watu wanalikwangua kwa ajili ya mifugo. Mji mzima ulikuwa ukitafuta chumvi kwa foleni siku zile, na hapa mbuzi wanalamba ukuta. Mwalimu alichora, akapima kwa kamba, akaonja ukuta kwa ulimi kabla sijamzuia. "Nimefundisha miaka ishirini," akasema, "leo ndiyo nimejua ladha ya somo."

Chakula kilikuwa bado jikoni, malewa, yaani machipukizi ya mianzi kwa njugu zilizosagwa, tuliposikia injini chini. Nikasikiliza. Landrova kama yetu, silinda nne, moja ina kikohozi, bomba limetoboka. Nikachungulia. Ilikuwa ya jeshi. Wakashuka sajini mmoja na koplo aliyeendesha. Walikuwa wanatafuta kahawa ya magendo inayovushwa mlimani kwenda Kenya. Kahawa hawakuiona. Waliona gari la Mzee Farajala linang'aa kwenye jua peke yake.

Tukashuka. Ningejificha, wangeteremka nalo hata kwa kulivuta.

Sajini alikuwa mfupi, kifua mbele, mkono wake tayari uko kwenye boneti, anaipapasa kama shingo ya ng'ombe mnadani. "Gari hii iko ya nani?"

"Ya tajiri yangu, afande. Mimi dereva."

"Washa."

Nikawasha. Ikazunguka, ikazunguka, haikuwaka. "Imekufa, afande."

"Imekufa aje? Imekuja hapa na miguu?"

"Ilikuja vizuri. Imefia hapa."

"Wewe dereva ama fundi?"

Hapo ilinibidi nifikiri. "Dereva na... kidogo fundi."

"Tengeneza."

Vijana, nimefungua injini usiku bila taa, nimefungua injini kwenye maji ya magoti. Kazi ngumu kuliko zote niliyofanya ni ile ya kutengeneza gari vibaya kwa makusudi mbele ya watu. Nilifungua rejeta nikaitazama maji. Nilivua plagi nikaipuliza, nikairudisha. Nilipiga tairi teke. Kila nilichofanya kilinichoma kifuani kama mtu anayeimba vibaya msibani kwao.

Sajini akasema, "Huyu fundi ya baiskeli."

"Ndiyo, afande."

"Hata baiskeli, ya watoto."

"Ndiyo, afande."

"Nani alifundisha wewe?"

Mdomo ulifunguka. Nilitaka kumwambia nani, na kumwambia koki ya rejeta ya gari lake inavuja na kichwa cha silinda yake kitapasuka kabla ya mwezi kwisha. Nikaumeza ulimi. "Nilijifunza mwenyewe tu, afande."

Akaamuru nipekuliwe. Koplo akatoa njugu, leso, ufunguo. Basi. Koplo huyu alikuwa mtu mrefu mpole, macho ya usingizi, lakini mikono yake ilikuwa na mafuta kwenye kucha, nikamwogopa kuliko bosi wake. Na kweli, akainama, akafungua kofia ya distributa.

"Afande, rota hakuna."

Sajini akanigeukia. "Rota iko wapi?"

Nikasema maneno ambayo natumaini Mungu ameyafuta. "Rota ni nini, afande?"

Koplo alinitazama mara moja, akatazama pembeni. Alijua. Sajini akamgeukia Mwalimu. Mwalimu akajinyoosha bila mwavuli wake. "Mimi nafundisha jiografia. Injini si somo langu."

Sajini akamtuma Koplo pangoni akatafute kahawa na rota. Tulisikia sauti ya Kukhu, halafu kimya, kimya kirefu. Koplo akarudi anaivaa bereti yake na kujifuta midomo.

"Kahawa hakuna, rota hakuna, afande. Iko mbuzi."

"Umekula?"

"Mama anasema kwanza kula, afande. Alikuwa ameshika bereti yangu."

Sajini alimtazama kama mtu aliyechoka na dunia. Kisha akapata akili, na akili ile ndiyo iliyonimaliza. "Toa rota ya gari yetu, weka kwa hii."

Koplo akasema taratibu, "Afande, ile yetu haitawaka. Na ile umesaini."

"Nitatuma rota kesho. Leo naingia Mbale na gari inang'aa." Akaninyooshea kidole. "Wewe, fundi ya baiskeli. Utalinda gari ya serikali hapa. Ikipotea nati moja, nakula wewe."

Wakaiweka. Ikawaka mara ya kwanza, nami hata katika uchungu nilisikia fahari kidogo, maana taimingi ile niliiweka mimi. Wakaondoka. Nikalitazama gari la Mzee Farajala likishuka bondeni, linapotea nyuma ya mawe, likitokea, likipotea. Nikakaa chini. Nikaanza kuhesabu kazi ambazo mtu anaweza kufanya mbali na Jinja. Binamu yangu wa Namatala angenionyesha kubeba magunia.

Mwalimu akasimama mbele yangu. "Ssebo dereva. Wewe hujui rota ni nini?"

"Mama, usinitanie."

"Sitanii. Nauliza kama mwalimu. Gari hili la jeshi halina rota. Kibuyu cha Kukhu kina rota. Zinafanana?"

Nikamtazama. Nikatazama lile gari bovu la serikali, nyaya zake zinaning'inia. Zilitoka kiwanda kimoja. Nikaruka.

Nilipanda genge lile kwa pumzi moja. "Kukhu, nipe kitu changu, haraka!"

Akakoroga chungu. "Hujala."

"Kukhu, gari langu limechukuliwa!"

"Nimeona. Na wewe hujala. Kaa."

Nikaapa, nikasihi, nikamwita mama, nikamwita shangazi. Akanipakulia bakuli lililojaa. Malewa yale yalikuwa yametoka motoni sasa hivi. Nilikula kama mtu anayezima moto kwa mdomo. Machozi yananitoka, ulimi umeungua, na yeye anasema, "Taratibu, mwanangu, hukimbizwi." Nikageuza bakuli alione tupu. Ndipo akafunua kibuyu, akanipa rota, akampa mwavuli Mwalimu, aliyekuwa ameshanifikia akihema, maana huyo alikuwa amekula ndizi mle pangoni tangu mwanzo na akahesabiwa. Akaniongezea na jiwe la chumvi la kumpelekea mama yangu.

Gari za jeshi zile hazikuwa na ufunguo, swichi tu. Nikaweka rota, nikabana nyaya mbili zilizolegea, nikawasha. Likakohoa kama mzee wa kiko, likakubali.

Mwalimu akasita mlangoni. "Tukikamatwa ndani ya hili?"

"Nimeambiwa nililinde, mama. Nalilinda linakokwenda."

Akaingia, akakaa wima, mwavuli katikati ya magoti kama fimbo ya mkuu wa wilaya. Tukateremka. Watu shambani walipoona gari lile walizama kwenye migomba kama vyura. Mzee mmoja aliyeshindwa kukimbia alivua kofia na kuinama, na Mwalimu akampungia mkono taratibu. Nikamwambia aache. Akasema, "Mtu ameinama, nimkatae?"

Kwenye kona ya daraja tukawakuta. Landrova ya kijani imesimama katikati ya njia, boneti wazi, Sajini anapiga tairi teke. Nilijua kabla sijashuka. Walikuwa wameikimbiza kwa gia ndogo njia nzima, kile kiwambo cha koti la mvua kimelegea.

Sajini aliponiona, mkono ulikwenda kiunoni. Kisha akaona kilichokuja: gari alilolisaini, usukani uko kwa raia, na mama mwenye mwavuli kiti cha mbele. Uso wake ukabadilika rangi.

"Nani amekupa ruhusa?"

"Afande, ulisema lisipotee. Pale juu niliona haliko salama. Nimekuletea."

"Imewaka na nini?"

Nilikuwa natafuta uongo wenye miguu nilipomsikia Koplo akisema kwa ile sauti yake ya usingizi, "Afande. Lori."

Sote tukasikiliza. Lori kubwa la dizeli linapanda kutoka chini, gia ya pili.

"Hiyo ni ya Luteni," Koplo akasema.

Hapo nikajua mlango umefunguka. Kama luteni angemkuta sajini wake ndani ya gari la raia, na gari la serikali mikononi mwa fundi wa baiskeli, mtu wa kulala ndani usiku ule hangekuwa mimi. Sajini alikuwa ameshalijua hilo. Aliruka ndani ya gari lake kabla sijamaliza kushuka.

"Chukua takataka yako! Washa! Potea!"

"Ina homa, afande. Inahitaji dakika kumi."

"Dakika kumi!"

Nikavua shati, nikalichovya mtoni, nikalifunika juu ya pampu. Kidole kikaanza kazi kwenye kimkono. Sasa nilifanya kama nilivyofundishwa, bila kuficha, na nikamwona Sajini akiangalia mikono yangu na kuelewa. Kuna adhabu ambayo mtu anajipa mwenyewe.

Lori likafika, likasimama. Luteni, kijana msafi, akatoa kichwa. Akaona raia kifua wazi, mama chini ya mwavuli, boneti wazi, askari wake wawili.

"Sajini, kuna nini hapa?"

Sajini akapiga saluti. "Nasaidia raia, afande!"

Luteni akafurahi. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kusikia neno lile mwezi ule. "Vizuri sana. Betri yao imechoka?"

Nikajibu mimi. "Kidogo, afande. Ikisukumwa itawaka."

"Basi sukumeni. Wewe pia, Sajini. Mko na nguvu."

Nikaingia kwenye usukani. Mwalimu akapanda, maana alisema hajaona sababu ya kutembea. Kwenye kioo nikamwona Sajini, kifua chake chote kimelala kwenye mlango wa nyuma wa Mzee Farajala, anasukuma. Koplo pembeni yake anasukuma na kuuma mdomo asicheke. Gari lingeweza kuwaka mita tano. Niliachia klachi mita hamsini mbele.

Hatukusimama hadi Mbale, na kesho yake adhuhuri tukaingia Jinja. Mwalimu alilipa kodi ya gari, akaongeza shukrani na ndizi zilizobaki. Mpaka anastaafu wanafunzi wake wote walijua kwamba ukuta wa pango una ladha ya chumvi, na kwamba aliyesema ni yeye, si kitabu.

Mzee Farajala alikuwa amekaa kwenye tairi mbele ya gereji, mgongo umefungwa kwa shuka. Hakuniamkia. Alilizunguka gari, akapitisha mkono ubavuni, akafungua boneti, akafungua kofia ya distributa kwa mazoea yake. Akaitoa rota, akaipeleka kwenye mwanga.

"Hii si yangu. Hii ni mpya."

"Hiyo ni ya serikali, Mzee. Ya kwako iko jeshini."

Nikamweleza yote, na jiwe, na kibuyu, na lile swali langu la "rota ni nini". Sikuficha. Alisikiliza macho yamefungwa, kama anavyosikiliza injini.

"Uliacha rota kwa bibi usiyemjua," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Ukawaacha wakaondoka na gari langu."

"Ndiyo."

"Ukaendesha la kwao katikati ya barabara, mchana."

"Ndiyo, Mzee."

Akairudisha rota mahali pake, akafunga boneti taratibu, nami nikaanza kufikiria upya yale magunia ya Namatala. Kisha mabega yakaanza kutikisika, akashika mgongo wake kwa maumivu na kucheka kwa pamoja, akaita wake zake wote wawili waje wasikie, akaniambia nianze tena pale kwenye kusukuma. Nilirudia mara tatu. Mara ya nne nilipochoka, alieleza yeye mwenyewe, na katika maelezo yake Sajini alikuwa amekuwa Meja.

Jioni ile alinitupia ufunguo bila kunitazama. "Kesho kuna mtu anataka kwenda Tororo. Utaendesha wewe."